Mwangaluka ya Jioni

Hapana, usinikatize. Wewe umeshasema ya kwako, sasa nyamaza na mimi niseme. Umesema kaka yangu Masele alikuwa na hawara Geita, akazama huko, na alipochokwa akarudi kwa mkewe, halafu mimi mdogo wake nikamtungia hadithi ya kumsafisha. Umeyasema hapa kilabuni, mbele ya watu, nami nimekaa nakusikiliza. Angekuwa mwingine ningeshampiga. Wewe nitakueleza kwanza. Ukishasikia, rudia maneno yako kama una ubavu.

La kwanza, mimi nilikuwepo. Sikuambiwa na mtu. Nilisimama kwenye mlango wa ua wa yule mwanamke, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na nikamwona kama ninavyokuona wewe na hayo masharubu yako. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa na homa. Na sikuwa naogopa, maana nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira siogopi kitu mpaka ziishe.

Kaka yangu mnamjua. Ushirombo nzima inamjua. Ni mtu wa adabu mpaka inaudhi. Mkikutana njiani analaza baiskeli chini, anavua kofia, anakusalimu wewe, anamsalimu mkeo ambaye hayupo, anauliza watoto, anauliza ng'ombe. Ukiwa na haraka unapita njia nyingine. Mimi na yeye ni baba mmoja, mama mmoja, lakini huwezi kuamini. Mimi ukiniambia leo Jumatatu nitakuuliza nani kasema. Yeye ukimwambia jambo kwa upole, anaitikia tu. Ndivyo alivyo, na ndivyo alivyoponzeka.

Alikwenda Geita kabla ya vita ya Kagera. Binti yake Limi alikuwa bado ananyonya. Ule mgodi mkubwa wa Wazungu ulikuwa umeshafungwa zamani, lakini watu walikuwa wanachimba pembeni kwa kujificha, kwenye maduara, yale mashimo membamba unayoshuka kwa kamba na kibatari. Kaka alitaka bati za nyumba. Akamwambia mkewe, "Mama Limi, nikipata za bati tu, sikai hata siku moja zaidi." Akaondoka.

Hakurudi. Vita ikaja, vijana wakaenda, wengine wakarudi, wengine hawakurudi, ikaisha. Ikaja ile shida ya vitu, mnaikumbuka, sukari inaonekana kwenye ndoto, badala ya sabuni tunafulia majani ya mpapai. Limi akatambaa, akatembea, akaanza kwenda kisimani na kibuyu chake kidogo. Kaka kimya.

Sasa tuna baba mdogo wetu mmoja, simtaji jina, mnamjua. Huyo akaanza kuja kwa Mama Limi na samaki wakavu. Leo samaki, kesho samaki. Akawa anakaa kwenye kiti cha kaka, kile cha ngozi, anavua na viatu kabisa. Halafu siku moja akawaita wazee wa ukoo akasema, "Masele amekufa. Tumfanyie matanga, mambo mengine yaendelee." Hayo mambo mengine tuliyajua wote. Yalikuwa yamekaa pale kwenye jamvi yanamsuka Limi nywele.

Mama Limi akasema mbele yao, "Mimi sinyoi nywele kwa ajili ya mtu ambaye sijaiona maiti yake."

Baba mdogo akacheka. "Shemeji yako huyu hapa ndiye anakujaza maneno."

Nikasimama. Nikamwambia, "Baba mdogo, shikamoo. Ukileta ng'ombe wa matanga hapa kabla sijaenda Geita na kurudi, nitawachinja wote wawili, na nitaanza na asiye na pembe."

Wazee wakanikemea, lakini wakakubali. Wakasema nina muda mpaka pamba iishe kuingia ghalani. Baada ya hapo, matanga, na Mama Limi atarithiwa. Unaelewa? Nisingemrudisha kaka, nyumba yake ilikuwa inakwenda kwa mtu wa samaki. Asubuhi ya kuondoka Mama Limi alinisindikiza mpaka barabarani. Hakulia. Alisema, "Shemeji, ukimkuta, msalimie." Basi.

Nikapanda lori la pamba. Kufika Geita nikalala Kalangalala kwa mtu, nikaanza kuuliza. Wachimbaji wananicheka. Mmoja ananiambia, "Kila mtu hapa anatafutwa na mdogo wake." Mwingine anasema, "Masele? Wamo Masele kumi hapa, unataka mnene au mwembamba?" Nilipigana na huyo, na ndiyo ilisaidia, maana aliyekuja kutuamua ni Mzinza mmoja, mtu mzima, walikuwa wanamwita Tochi kwa sababu jicho lake moja lilikuwa jeupe na linang'aa.

Tochi akaniuliza, "Masele yule wa salamu?"

"Huyo huyo."

Akanivuta pembeni. Akaniambia walikuwa duara moja. Siku moja kaka yuko chini, duara likabomoka. Wakafukua mpaka mikono ikachubuka. Wakakuta kamba, wakakuta kofia. Mtu hawakumkuta.

"Mtu anatokaje kwenye shimo lililojaa udongo?" nikamuuliza.

"Kule chini tulikuwa tumetoboa kwenye njia za zamani za mgodi. Zimejaa maji. Na yale maji yana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwanamke. Ana mji wake nyuma ya kilima, kwenye marundo ya mawe ya zamani. Kaka yako yuko kwake. Watu wamemwona kwa mbali, amekaa juu ya jiwe, analia."

Nikamshika shati. Nikamwambia, "Na nyie wanaume wazima mkamwacha?"

Hakukasirika. Akaniondoa mkono taratibu. "Mmoja wetu alikwenda kumwita. Akasalimiwa."

"Halafu?"

"Nimekwambia. Akasalimiwa, akaitikia. Tulimwona tena alipoelea kwenye bwawa."

Mtu mwenye akili angerudi Ushirombo. Mimi nilimwambia anionyeshe njia.

Alinifikisha kwenye kilima mchana, akageuka bila kuaga. Nikaenda peke yangu kati ya yale marundo ya mawe meupe. Ni mengi, yanafanana, nikapotea, nikazunguka, nikatukana kila jiwe. Mpaka naiona njia moja iliyofagiwa, jua lilikuwa limeshashuka. Nilikuwa naelekea kusini, upande wa kwetu, na jua linaniunguza shavu la kulia. Shika hapo. Shavu la kulia, magharibi, jioni.

Mbele nikaona ua wa minyaa, mzuri, umekatwa vizuri. Na kabla sijaona mtu, nikasikia harufu. Chai. Chai ya sukari, bwana, na maandazi yanakaangwa. Wewe unajua mwaka ule ilikuwaje. Nilikuwa sijanusa kitu kama kile tangu vita. Mate yakanijaa mdomoni mpaka nikaona aibu.

Nikachungulia. Ua umefagiwa, kuku wanadonoa, miche ya sabuni imepangwa kwenye kichanja kama dukani. Na juu ya jiwe, amenipa mgongo, ameelekea kusini kama mimi, kaka yangu Masele. Nilimjua kwa masikio. Mabega yanamtetemeka. Analia kama mtoto anayelia bila sauti.

Lakini kulikuwa na kitu hakikukaa sawa, kichwa kikawa kinanizunguka na sijui kwa nini. Mpaka nikaelewa. Jua lilikuwa linampiga shavu la kushoto. Mimi la kulia, yeye la kushoto, wote tumeelekea upande mmoja. Mule ndani ya ua kulikuwa na mti mmoja, na kivuli chake kilikuwa kimelala kuelekea magharibi. Vivuli vya huku nje vyote vimelala kuelekea mashariki. Niamini au usiniamini, mule ndani jua ndiyo kwanza linachomoza.

Ndipo mwenyewe akatoka ndani ya nyumba.

Wewe unategemea niseme alikuwa mzuri kama malaika, au ana kwato. Alikuwa mwanamke wa kawaida. Mnene kidogo, mtu wa makamo, amejifunga khanga mpya kabisa ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Ungempita sokoni. Ila nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji. Khanga kavu, mabega makavu, chini pakavu, lakini zile nywele zinadondosha maji na matone hayafiki popote.

Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Mwangaluka."

Kwa ambao hamkukulia Kisukuma, hii lazima muielewe, maana kila kitu kiko hapa. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Jua likipinduka, ni mwadila. Mtoto wa miaka mitatu hakosei. Na ukisalimiwa unarudisha neno lile lile ulilopewa. Kutoitikia ni tusi, unamwambia mwenzako kwamba si mtu. Na salamu isipokamilika hukaribishwi, hukai, hupewi hata maji. Mgeni ni yule aliyeitikia.

Sasa nieleze, mtu wa adabu angefanyaje? Angeona yule mama amekosea, angemwonea haya, angeitikia tu ili yaishe. Mwangaluka, mayu, yaani mama. Ndivyo alivyofanya kaka. Ndivyo alivyofanya yule wa bwawani.

Mimi nikasema, "Mayu, jua linazama. Mwadila."

"Mwangaluka," akasema tena, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Nimesikia. Nimesema mwadila."

"Kwenu hamkufundishwa kuitikia?"

"Tulifundishwa kutazama jua kwanza."

Lile tabasamu halikuondoka, lakini macho yakabadilika. Macho yalinichukia. Nimechukiwa na watu wengi, nakiri, lakini ile ilikuwa chuki nyingine, chuki ya kitu ambacho hakijawahi kukataliwa.

Kaka alikuwa amesikia sauti yangu. Akageuka. Na bwana, alikuwa vile vile. Hata unywele haukubadilika. Kijana niliyemuaga kabla ya vita ndiye huyu anateremka jiweni.

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Umenifuata? Karibu, karibu, chai iko tayari. Tunywe tuondoke wote. Mimi mwenyewe nilikuwa naondoka asubuhi hii."

"Asubuhi ipi?"

"Si hii." Akanyoosha mkono kwenye lile jua lao. "Jana duara lilinifunika. Huyu mama akanitoa. Nikasema nilale, asubuhi nirudi kwa Mama Limi. Sasa ndiyo nanywa chai, kisha niondoke."

"Na unalia nini?"

Akajishika shavu, akatazama vidole vilivyolowa, akashangaa. "Sijui," akasema. "Toka nimeamka nalia."

Nikamwambia, "Kaka, Limi anateka maji kisimani."

Akacheka. "Limi ananyonya."

"Vita imekwisha."

"Vita gani?"

Hapo nikamtazama yule mwanamke. Hasira zikanipanda upya. Nikapiga hatua ili nimfuate, mguu wa kushoto ukavuka ule mstari wa minyaa. Nikahisi baridi kwenye unyayo. Umande. Nikatazama chini. Kivuli changu kilikuwa kimelala kushoto, mashariki, kirefu, cha jioni. Lakini kivuli cha ule mguu mmoja kilikuwa kimelala kulia. Peke yake, kimekatika na mwenzake. Nilikuwa na mguu wa asubuhi na mwili wa jioni. Nimeota ule mguu mara nyingi.

Nikaurudisha nje haraka.

"Ingia basi," akasema yule mwanamke. "Umeshindwa?"

"Sijaitikia. Mimi si mgeni wako."

"Basi ondoka. Huyu ni wangu. Alikuwa anakufa kwenye tope, anamwita mama yake, na aliyekuja ni mimi. Nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa mnahesabu bati. Hapa hafi. Hapa hazeeki, haumwi, hana njaa. Kwenu atachakaa kama jembe, mtamzika. Hebu niambie, unampeleka wapi?"

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua, sikosi jibu. Ila hayo yaliniingia. Alikuwa anasema kweli. Nikamjibu kwa ujeuri tu, "Nampeleka kwa mke wake."

"Mke wake anamlilia? Mbona sisikii?"

Nikaona kubishana na huyu ni kumpa anachotaka, maana kila tukibishana, kaka anarudi nyuma kuelekea kwenye chai. Nikamwacha. Nikamgeukia kaka.

"Kaka, njoo unipe mkono. Nimetoka mbali."

Hilo hawezi kukataa. Akaja mpaka kwenye mlango wa ua, kikombe mkono wa kushoto, akaninyooshea wa kulia. Nikaushika. Mkono wake ulipotoka nje ya minyaa, jua la jioni likaupiga, na nikauona unabadilika ndani ya mkono wangu. Kucha zikawa ndefu, ngozi ikakauka, makovu yakatokea. Miaka yote ilikuwa inamsubiri pale nje. Yeye alikuwa ananitazama usoni, hakuona.

Nikasema, "Baba Limi, mwadila."

Akafungua mdomo.

"Usiitikie," akasema yule mwanamke nyuma yake. "Huyo mtoto ni mkorofi, hata saa hajui. Mgeni wangu, mwangaluka."

Sikia hapo. Alimwita mgeni. Muda wote ule, chai yote ile, hajawahi kumwita Baba Limi. Kaka akawa amesimama katikati, salamu huku, salamu kule. Na yeye katika maisha yake hajawahi kuacha salamu ya mtu chini. Alikuwa kama mtu anayevutwa na ng'ombe wawili.

"Mwangaluka," akasema yule.

"Mwadila," nikasema mimi.

"Mwangaluka, mgeni wangu. Chai inapoa."

Nikaona midomo yake inataka kumwitikia yule, kwa sababu yule ni mkubwa na mimi ni mdogo, na adabu inasema anzia kwa mkubwa. Ndipo nikakumbuka pale barabarani. Nikamwambia, "Kaka, hii siyo salamu yangu. Mimi nimetumwa. Mama Limi amesema nikikukuta nikusalimie. Nimeibeba kutoka Ushirombo kwenye lori la pamba, nimelala nayo, nimepigana nayo. Niirudishe? Nimwambie umeikataa?"

Salamu ya kutumwa. Nani anaikataa? Hata mtu mmegombana naye, akikutumia salamu unasema zimefika.

Kaka akafumba macho. Akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mwadila, Mama Limi."

Sikuona radi wala moshi. Vivuli vya mule ndani viligeuka tu, vyote kwa pamoja, kama mtu amegeuza taa. Kikombe kikamponyoka, kikamwaga tope. Nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka nje juu ya mawe. Nilipoinua kichwa hakukuwa na ua, hakukuwa na kuku wala sabuni. Lilikuwepo shimo kubwa la zamani limejaa maji meusi, na lile jiwe, na yule mwanamke amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na jua la mwisho linamwangaza.

Hakutufuata. Alimwambia kaka, "Haya. Nenda ukafe."

Halafu akanitazama mimi. "Wewe hukuitikia salamu yangu. Ipo. Nitakusalimu tena."

Akashuka chini, nywele zikabaki juu kidogo, nazo zikaenda.

Njiani kaka alitapika. Alitapika tope la mgodi, na ndani yake kulikuwa na unga mweupe unaometa, ule wa mawe yaliyosagwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sukari. Tulipofika Kalangalala alikuwa na ndevu mpaka kifuani, nusu zimeota mvi, na amepinda mgongo. Tochi alimmulika na kibatari, akakaa chini. Alivua kofia yake, akampa.

Tulifika Ushirombo pamba bado haijaisha. Baba mdogo alikuwa kwenye kile kiti. Kaka, jinsi alivyo, akamsalimu kwa heshima zote. Baba mdogo akainuka, akachukua viatu vyake mkononi, akasahau na samaki wake. Limi alipomwona baba yake alikimbia akajificha nyuma ya ghala. Mama Limi alimtazama muda mrefu, akaenda kuteka maji ya kuoga. Mpaka leo sijui aliwaza nini.

Sasa unaniuliza mbona kaka mwenyewe hasimulii. Hasimulii kwa sababu ana hasira na mimi. Ndiyo, na mimi. Anakohoa usiku kucha, hospitali wamempima wakasema kifua kimejaa vumbi la mawe. Hawezi kulima mstari mmoja bila kupumzika. Bati hakupata. Mwaka jana tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaniambia bila kunitazama, "Mimi nilikuwa naondoka mwenyewe. Ungeniacha nimalize chai." Nikamwambia, kaka, ile ilikuwa tope. Akasema, "Ilikuwa tamu."

Nilitoka nje nikapasua kuni mpaka giza. Lakini msinielewe vibaya. Ni kaka yangu. Akitaka kunichukia anichukie akiwa kwake, ana mke mbele yake na mtoto ambaye sasa ameanza kumletea maji ya kunywa. Mtu akimsema vibaya nitamng'oa meno, hata awe ni wewe.

Na yule naye hajaniacha. Siku nyingine jua likishuka, niko machungani peke yangu au naoga mtoni, nasikia nyuma yangu, pole pole, "Mwangaluka." Sigeuki. Sijibu. Ndiyo maana ukinisalimia nakutazama kwanza, kisha natazama jua, na nyie mnasema nina dharau. Semeni. Mimi nawaambia tu: mtu akikupa salamu ya saa ambayo haipo, hata awe mama mtu mzima, hata chai yake inanukia namna gani, usiitikie kwa kuona haya. Kuwa mkorofi. Ondoka.

Sasa nimemaliza, na nakuona unacheka kidogo. Cheka. Lakini wewe una mdogo wako Geita. Alikwenda tangu mvua iliyopita, na mama yako anasema amepata mwanamke huko, anakula raha, ndiyo maana hatumi neno. Na wewe umeitikia tu, umekaa hapa na pombe yako unawacheka kaka za watu. Huyo mdogo wako, nani amekwenda kumwangalia?